Bei ya Mwaka Mmoja: Kuingia Chuo Moja kwa Moja au Kusubiri, kwa Hesabu za Kalemie

Kila mwaka karibu wanafunzi milioni moja wa Kongo hufanya Exetat, mtihani wa Serikali unaofunga masomo ya sekondari. Majibu hutoka Julai au Agosti. Aliyepata asilimia 50 au zaidi anamwagiwa poda kichwani, anazungushwa mtaani kwa nyimbo, na jioni nyumba inapotulia mzazi anabaki na swali lake: chuo atalipa nani, na aanze lini?

Katika Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, majibu ya kawaida ni mawili. La kwanza: aingie sasa hivi, Mungu atafungua njia mbele. La pili: asubiri mwaka mmoja, atafute pesa, aingie akiwa amejipanga. Wote wanaosema hivyo wanaamini wanatumia akili ya fedha. Ni wachache wanaochukua kalamu na kukokotoa.

Uchambuzi huu unakokotoa. Ada, kodi ya chumba na nauli hubadilika kila muhula, kwa hiyo tarakimu za bajeti zilizomo humu ni za mfano, zimewekwa ili kuonyesha njia ya kupima. Futa zangu, andika zako. Njia ya hesabu ni ileile.

Kusubiri kwa tajiri na kusubiri kwetu

Tuanze na tofauti moja ambayo watu husahau wanaposikia habari za vijana wa Ulaya na Marekani wanaopumzika mwaka mmoja kabla ya chuo. Mwaka 2016 Malia Obama, binti wa rais wa Marekani wa wakati huo, alikubaliwa Harvard kisha akaingia mwaka 2017. Chuo kilimwekea nafasi yake. Alijua siku anayotoka, anajua na siku anayoingia.

Nchini Kenya kila mtu husubiri. Mtihani wa KCSE huisha Novemba, na vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya karibu Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Ni miezi tisa au kumi, lakini kizazi kizima kinasubiri pamoja, kwa hiyo hakuna anayeachwa nyuma na mwenzake. Tanzania nayo ilirudisha mwaka 2013 mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wanaomaliza kidato cha sita, na mafunzo hayo yanaingia kwenye nafasi iliyopo kati ya mtihani na chuo. Zaidi ya hapo, Mtanzania asiye na uwezo anaweza kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Finalisti wa Kalemie, yaani anayemaliza sekondari, hana hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna chuo kinachomwekea nafasi, wenzake hawasubiri pamoja naye, na mlango wa mkopo wa mfano wa HESLB hauko. Mfuko wake ni baba, mama, mjomba na mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana kusubiri hapa kuna bei kubwa kuliko Harvard, na kuingia bila pesa nako kuna bei kubwa kuliko Dar es Salaam.

Mji huu pia unajua miaka iliyopotea bila mtu kuomba. Agosti 1998 Kalemie ilitekwa na waasi wa RCD, na kwa muda wote wa vita ikatengwa na Lubumbashi, kulikokuwa na chuo kikuu chake cha asili. Mwaka 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yalijaza kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji. Mwaka 2020 korona ilifunga madarasa kuanzia Machi. Mzazi aliyepita katika hayo yote anaposema "ingia sasa, kesho hatuijui", hana haraka ya kipumbavu. Ana kumbukumbu.

Bajeti mbili za mwaka wa kwanza

Baada ya vita Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kilikuwa na tawi Kalemie, na mwaka 2010 tawi hilo likawa chuo kinachojitegemea: Chuo Kikuu cha Kalemie, UNIKAL. Uamuzi huo wa kiserikali umebadilisha hesabu za familia za hapa kuliko jambo jingine lolote. Ili kuona ukubwa wake, tupange bajeti mbili. Tunatumia kiwango cha franka 2,500 kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi.

Mwanafunzi anayesoma Kalemie akiishi kwao:

- Minerval na ada nyingine zote: dola 300.
- Pikipiki, franka 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 180 za masomo: franka 540,000, yaani dola 216.
- Silabasi na fotokopi: dola 60.
- Simu na intaneti, dola 5 kwa mwezi: dola 60.

Jumla ni dola 636. Chakula hakimo, na hilo ni kwa makusudi: angekula nyumbani hata asingesoma, kwa hiyo bukari yake si gharama ya chuo.

Mwanafunzi anayekwenda Lubumbashi:

- Minerval na ada nyingine: dola 400.
- Chumba, dola 30 kwa miezi 10: dola 300.
- Garanti ya miezi mitatu, inayolipwa kabla ya kupewa ufunguo: dola 90.
- Chakula, dola 50 kwa mwezi: dola 500.
- Usafiri wa mjini: dola 200.
- Silabasi, fotokopi, simu na intaneti: dola 120.
- Safari ya kwenda na kurudi: dola 150.

Jumla ni dola 1,760. Hiyo ni karibu mara tatu ya bajeti ya Kalemie. Angalia kilichofanya tofauti: ada imeongezeka kwa dola 100 tu. Zile 1,024 nyingine ni kula, kulala na kusafiri. Wazazi wengi huulizana bei ya minerval, wakati katika bajeti ya Lubumbashi minerval haifiki hata robo ya mzigo.

Angalia pia mstari wa pikipiki. Dola 216 ni theluthi ya bajeti ya Kalemie. Kijana wa mtaa wa Kataki anayeweza kwenda kwa miguu, au anayehamia kwa shangazi aliye karibu na chuo, anashusha bajeti kutoka 636 hadi 420. Hakuna kibarua cha likizo kitakachomletea punguzo la namna hiyo kwa urahisi.

Kusubiri kunaingiza nini

Sasa tuangalie mfuko wa anayesubiri. Mwaka 2018 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa franka 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 kikapandishwa hadi 14,500. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ingekuwa franka 377,000, au dola 151 kwa mwezi. Ni mshahara wa kwenye karatasi. Kijana mwenye diplome ya sekondari hapa haajiriwi na kampuni. Anakaa kwenye meza ya kuuza vocha na kutuma pesa kwa simu, anaendesha pikipiki ya mtu, anauza ndagala sokoni au anafundisha watoto wa jirani jioni. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf, kilichowahi kuajiri vijana wa mji huu, kilishafungwa zamani. Tuweke basi dola 60 kwa mwezi, na tuseme baada ya kula, kusaidia nyumbani na kununua sabuni anabakiza 25.

Kwa miezi 12 hiyo ni dola 300. Lakini hakuna miezi 12 iliyo sawa. Mwezi mmoja malaria, mwezi mwingine msiba ambao kila mtoto mkubwa anatakiwa kutoa kitu. Kwa anayetegemea Ziwa Tanganyika, mwezi wenyewe ni mfupi: ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, wavuvi wanatandaza nyavu nchi kavu na kushona matundu. Kuna na mapigo ya mwaka mzima. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia kwenye nyumba na barabara za Kalemie, na mwaka huohuo upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Toa miezi miwili, baki na 10. Akiba ya mwaka ni dola 250.

Kuna jambo jingine linalopita bila kuonekana. Mtihani unaisha Juni, na masomo ya mwaka wa kwanza hayaanzi kabla ya Oktoba au Novemba. Kila finalisti ana miezi minne ya bure, awe anasubiri au hasubiri. Kwa dola 25 kwa mwezi hiyo ni dola 100. Anayeahirisha kwa mwaka mmoja hakai miezi 12. Anakaa 16, na mwishoni ana dola 350.

Linganisha. Dola 350 ni asilimia 55 ya mwaka wa kwanza Kalemie. Ukiondoa pikipiki, ni asilimia 83. Kwa Lubumbashi ni asilimia 20. Anayesema "nasubiri mwaka mmoja nitafute pesa za Lubumbashi" kwa kibarua cha dola 60 anahitaji zaidi ya miaka sita ya kuweka akiba ili alipie mwaka wa kwanza tu. Hatakwenda. Hilo aambiwe mapema, kwa upole, kabla hajapoteza miaka miwili akiamini.

Kwa hiyo hitimisho la kwanza: akiba ya mwaka mmoja inaweza kumfungulia kijana mlango wa UNIKAL. Mlango wa Lubumbashi unafunguliwa na ndugu mwenye chumba huko, au mfadhili, au mzazi mwenye mshahara. Kusubiri peke yake hakuufungui.

Kusubiri kunagharimu nini

Hapa ndipo hesabu nyingi za nyumbani zinapoishia, na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mwaka wa kusubiri una bei hata kama hutoi franka moja mfukoni.

Chukua mfano. Mwenye lisansi, ile shahada ya miaka mitatu na krediti 180 katika mfumo wa LMD ulioenezwa vyuoni tangu mwaka 2021, anapata kazi ya dola 200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400. Anayesubiri anasogeza ngazi nzima ya mishahara mwaka mmoja mbele: anakosa 2,400, lakini katika mwaka wa kusubiri amechuma 720. Hasara halisi ya kusubiri ni dola 1,680.

Upande wa pili weka anayeingia chuo bila pesa za kutosha. Analipa awamu ya kwanza, anasoma, ananunua silabasi mbili kati ya saba. Mitihani inafika, ada haijakamilika, jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia ukumbini. Mwaka umekwenda. Akirudia atalipa tena 636, na mshahara wa 2,400 umesogea vilevile. Wala hakuchuma kitu, maana alikuwa darasani. Hasara yake ni dola 3,036.

Sasa gawanya 1,680 kwa 3,036. Unapata asilimia 55. Maana yake ni hii: kwa tarakimu hizi, kusubiri kuna faida pale tu ambapo uwezekano wa kupoteza mwaka wa kwanza kwa kukosa pesa unazidi asilimia 55. Uwezekano ukiwa mdogo kuliko huo, ingia.

Kipimo hicho kina ukali wake. Kwanza, tumechukulia kwamba baada ya kusubiri hatari imekwisha kabisa. Ikiwa bado kuna nafasi moja kati ya kumi ya kupoteza mwaka, mizani inapanda hadi asilimia 65. Kusubiri kunapoteza thamani haraka kama hakuondoi tatizo lenyewe.

Pili, mshahara wa kesho ukishuka, hesabu inageuka. Weka dola 120 kwa mwezi badala ya 200. Kusubiri sasa kunagharimu 1,440 toa 720, yaani dola 720. Kurudia mwaka kunagharimu 636 jumlisha 1,440, yaani 2,076. Mizani inashuka hadi asilimia 35. Weka dola 100, inashuka hadi 26. Wanaojua ualimu wa Kongo wanaelewa kwa nini jambo hili lina uzito: kuna maelfu ya walimu wanaoitwa "nouvelles unités", wanaofundisha miaka kadhaa kabla jina halijaingia kwenye orodha ya malipo ya Serikali.

Hii inatoa kanuni ambayo inakwenda kinyume na mazoea ya mtaani. Kijana anayekwenda kusomea kazi yenye soko, kama uuguzi au ufundi wa umeme, ndiye mwenye sababu ya kuharakisha, kwa sababu kila mwaka anaochelewa ni mshahara mzuri unaopotea. Anayekwenda kwenye fani ambayo waliomaliza bado wanatafuta kazi hapati hasara kubwa akisubiri ajipange. Mazoea yetu ni kinyume: wa uuguzi tunamwambia asubiri kwa sababu ada ya fani yake ni kubwa, na wa fani isiyo na soko tunamsukuma aingie kwa sababu ni rahisi.

Utajuaje hatari yako

Asilimia 55 au 35 haina maana mpaka ujue wewe uko wapi. Njia ya kujua ni kuzigawa pesa zako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni pesa zilizopo mkononi. Hesabu zote. La pili ni pesa zinazokuja kwa kalenda: mama anayeuza sokoni na ametoa dola 20 kila mwezi bila kukosa kwa mwaka uliopita. Hesabu robo tatu. La tatu ni pesa za ahadi: mjomba wa Kinshasa aliyesema kwenye simu "usijali". Hesabu robo, na ushukuru ikija zaidi.

Mfano: una 250 mkononi, mama atatoa 20 kwa miezi 10, na mjomba ameahidi 186. Kwa maneno umefika 636 kamili. Kwa hesabu una 250, jumlisha 150, jumlisha 46, yaani 446. Ni asilimia 70 ya bajeti, na pengo ni dola 190. Mtu wa namna hii aingie, kwa sababu pengo lake ni dogo kuliko mstari wa pikipiki. Aliye na mkononi 100 na ahadi za 536 ana 234 tu, sawa na asilimia 37. Huyo akiingia anacheza bahati nasibu kwa pesa za mama yake.

Pesa iwekwe wapi

Anayesubiri ili aweke akiba ana adui asiyemwona. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilibadilishwa kwa takriban franka 2,050. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2,800. Kijana aliyekuwa na franka 600,000 kwenye kopo alikuwa na dola 293. Bila kutumia hata senti alibaki na 214. Dola 79 ziliyeyuka, zaidi ya robo ya akiba. Mwishoni mwa 2025 franka ikapata nguvu, na mambo yakageuka: aliyeshika dola akashangaa kambiste anamhesabia franka chache kuliko mwezi uliopita.

Hakuna anayejua kiwango cha mwakani. Kanuni ni moja: weka akiba katika fedha ambayo chuo kitakudai. Ada ikitajwa kwa dola, badilisha kila wiki kidogokidogo badala ya kusubiri siku ya mwisho. Nauli na fotokopi ni franka. Hizo ziache kwa franka.

Binti hana mwaka uleule

Hesabu zote zilizotangulia zinachukulia kwamba aliyesubiri ataingia chuo mwaka unaofuata. Kwa binti, hapo ndipo hatari ilipo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba asilimia 37 ya wanawake wa Kongo wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au kuishi na mume kabla ya kufika miaka 18. Sheria inataka miaka 18, na finalisti mara nyingi ameshaifikia au kuipita. Hana tena kinga ya umri wala ya sare ya shule.

Akikaa nyumbani miezi 16, kazi za nyumba zinamfuata, wadogo wanaachwa kwake, wageni wenye maneno matamu wanapiga hodi. Dola 25 za akiba ya mwezi ndizo za kwanza kuombwa chumvi na mafuta. Ongeza katika hesabu nafasi moja tu kati ya tano kwamba hatarudi masomoni kabisa, na kusubiri kunakuwa ghali kuliko mstari wowote tulioandika. Kwa hiyo ushauri kwa mzazi wa binti ni tofauti: pengo likiwa dogo, litafutwe akiwa tayari ameandikishwa. Pesa za nyumba zikitosha mmoja tu, na kaka anaweza kufanya kazi nje ya nyumba bila kupoteza njia, kaka ndiye asubiri.

Kijana wa kiume naye ana mtego wake. Machimbo ya Manono yanavuta. Mwezi mmoja mzuri wa kasiterite au koltani unaweza kuzidi miezi mitano ya kuuza vocha, na ndiyo sababu wengi waliokwenda "kutafuta minerval" hawakurudi na minerval wala wenyewe. Pesa inayoingia kwa kishindo hutoka kwa kishindo.

Usimle ng'ombe, kunywa maziwa

Turudi kwenye zile dola 350. Ukizilipa ada, zinafuta asilimia 55 ya mwaka wa kwanza, kisha zimekwisha. Mwaka wa pili unaanza sifuri, na lisansi ni miaka mitatu: kwa bajeti yetu ni dola 1,908. Akiba ile ni asilimia 18 tu ya safari nzima.

Ziweke badala yake kwenye biashara inayobakiza dola 25 kwa mwezi hata wewe ukiwa darasani: meza ya vocha anayokaa mdogo wako, au ndagala kavu anazouza dada. Kwa mwaka ni dola 300. Kwa miaka mitatu ni 900, yaani asilimia 47 ya gharama yote, na mtaji bado upo. Hapo mwaka wa kusubiri umenunua kitu cha kudumu.

Sharti lake ni gumu: lazima awepo mtu mwaminifu wa kukaa kwenye biashara, na daftari la kuandika kila kinachoingia na kutoka. Bila daftari, mtaji wa mwanafunzi ni mali ya ukoo.

Njia ya katikati

Kuna familia ambazo zimekwama kati ya "Lubumbashi au hakuna". Kwao, LMD imeleta uwezekano ambao haukuwa rahisi katika mfumo wa zamani. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti zimebuniwa ili mwanafunzi aweze kuhama nazo, chuo kinachompokea kikikubali.

Lisansi yote Lubumbashi, kwa bajeti yetu na garanti ikilipwa mara moja tu, ni dola 5,100. Mwaka wa kwanza Kalemie na miwili Lubumbashi ni dola 4,066. Unaokoa 1,034. Miaka yote mitatu Kalemie ni 1,908, na tofauti ya 3,192 inaweza kungoja masta, wakati kijana ni mkubwa, anajua anachotaka na pengine ana kipato. Kabla ya kuanza, nenda na orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza kwa idara ya chuo unachotaka kuhamia, uulize kwa maandishi ni krediti zipi watazipokea. Jibu la mdomo halihamishi krediti.

Njia za kaskazini nazo zimebadilika. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zikafunga milango, na wazazi wa Kalemie wenye watoto huko wakahangaika kuwatumia hata pesa ya kula. Kwa kipindi hiki, chuo cha mbali kinahitaji akiba ya dharura ya angalau nauli ya kurudi nyumbani, iliyowekwa kando na isiguswe.

Uamuzi

Hesabu zikiwekwa pamoja, zinasema hivi.

Ingia moja kwa moja ikiwa pesa zako, zilizopunguzwa kwa mafungu matatu, zinafika asilimia 60 ya bajeti ya mwaka wa kwanza, na kozi yako ina soko. Ingia moja kwa moja pia kama wewe ni binti na unaweza kusoma ukiishi kwenu, hata kama asilimia ni ndogo kidogo.

Subiri ikiwa uko chini ya asilimia 40, una kazi unayoijua kwa jina, unajua mahali pa kuweka mtaji, na umeandika tarehe ya kuingia. Kusubiri bila vitu hivyo vinne ni kukaa tu nyumbani.

Uliye kati ya 40 na 60, punguza bajeti kabla ya kupunguza ndoto: hamia karibu na chuo, anzia Kalemie, tumia ile miezi minne ya likizo kubwa kuanzia asubuhi ya kwanza baada ya mtihani.

Na wewe mzazi, kabla kikao cha ukoo hakijakaa kuamua, mpe mtoto karatasi. Aandike bajeti yake mwenyewe, mstari kwa mstari, pamoja na nauli ya pikipiki. Kisha kila mjomba aliyepo aseme mbele ya wote atatoa kiasi gani na mwezi gani. Ahadi iliyoandikwa na tarehe yake inahesabiwa. Nyingine zote ni salamu.